Kijiji Chenye Soko Siku ya Alhamisi

Kalenda ilikuwa imepitwa na miaka minne nilipoanza kuitumia. Aliyeniachia ni mwalimu wa hesabu, Mfaransa, tuliyefundisha naye shule moja pale Ibanda, Bukavu. Mkataba wake ulipokwisha aligawa vitu vyake kwa wenzake: wengine walipata sufuria, wengine mapazia, mimi nikapata kalenda ya ukutani ambayo mama yake alimtumia kutoka kwao. Ni aina ya kalenda wanayouza watu wa posta huko. Mbele ilikuwa na picha ya farasi wawili. Nyuma kulikuwa na ramani ya wilaya yao, reli zimechorwa kwa mstari mweusi, na chini ya ramani, kwa herufi ndogo sana, orodha ya miji na vijiji vyenye soko na siku ya kila soko.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimewafundisha watoto wa Bukavu mito ya Ufaransa bila kuona hata mmoja. Basi barua ilipokuja kwamba nimechaguliwa kwenda mafunzo ya walimu huko, majuma mawili, tikiti imelipwa, na kwamba ndege ya kurudi itakuwa siku kumi baada ya mafunzo kwisha, sikumwuliza mtu nifanye nini na siku hizo kumi. Nilichukua kalenda nikaigeuza nyuma.

Nilichokitaka kilikuwa kidogo na ninaweza kukisema kwa sentensi moja. Nilitaka chumba katika kijiji ambako sijulikani, nitoke kila asubuhi kwa miguu au kwa basi, nirudi jioni katika chumba kile kile, bila gari na bila mwenzangu. Sikujua kuendesha gari, na hata ningejua nisingelitaka. Mtu aliye ndani ya gari haoni kitu ila mgongo wa barabara.

Yaya, ndivyo sisi wa Bukavu tunavyomwita ndugu mkubwa, na huyu ni kaka yangu, alinikuta jioni ile kwenye meza ya chakula, kalenda imelala mbele yangu chini ya taa. Tangu baba alipofariki yeye ndiye alikuwa mwenye neno la mwisho katika ukoo. Alikuwa na nyumba yake hatua chache kutoka yetu, pale Nguba, lakini kila jioni alipotoka kazini alipitia kwetu kwanza, na abakosti yake, koti letu la kiserikali lisilo na tai, bado imefungwa hadi shingoni, kumsalimia mama na kukagua hali.

"Unatafuta nini pale?"

"Mahali pa kukaa."

"Mahali iko. Iko kwa cousine yetu, kule Paris."

"Nimesema mahali, yaya. Sikusema mutu."

"Ni kitu moja," akasema, akaketi.

Kwake kilikuwa kitu kimoja kweli, na kwa kila mtu niliyemjua. Kwetu mtu hasafiri kwenda mahali, anasafiri kwenda kwa mtu. Ukisema unakwenda Goma, hakuna atakayekuuliza utakwenda na nini. Watakuuliza utafikia kwa nani. Ukikosa jina, watakupatia jina kabla hujanyanyua begi: mke wa binamu, jirani aliyehama, bwana aliyesoma na baba. Hoteli ni za wafanyabiashara, na za wale wasiotaka kuonekana. Mwanamke asiyeolewa, mwenye miaka thelathini na minane, akisema atalala mahali ambapo hana mtu, wanaomsikia wanaangaliana.

"Siku kumi nisipofikia kwa mutu, nitakufa?" nikamwuliza.

"Ukikufa, nani atatuambia?"

Hakuwa anatania. Lilikuwa swali la haki. Niliinamia ramani.

Kazi ile niliifanya kama ninavyoandaa somo. Nilichukua daftari la miraba, nikatoa ukurasa mmoja kwa kila kijiji. Walimu wengine waliochaguliwa pamoja nami, kama wangefikiria jambo la namna hii, wangeanza na kasri au na ziwa. Mimi nilianza na soko. Yeyote aliyewahi kungoja gari kwenye njia ya soko la Mugogo anajua sababu. Siku ya soko magari yanatoka kila yalikokuwa yamejificha. Siku nyingine unakaa juu ya mzigo wako tangu asubuhi hadi kivuli kihamie upande wa pili wa barabara. Nikajiambia wakulima ni wakulima. Kama mama wa Kifaransa ana jibini ya kuuza Alhamisi, basi kuna kitu kinachompeleka Alhamisi, na kitu hicho kitanichukua na mimi.

Kisha reli. Sikutaka mji mkubwa ambapo mistari yote myeusi inakutana, maana mji wa namna hiyo unakula nusu ya siku yako kabla hujauacha. Nilitaka kituo kidogo, kile kilichochorwa kwa nukta tu, chenye mto karibu na vijiji vingine ambavyo mguu unaweza kuvifikia. Niliweka ncha ya bikari kwenye kila kijiji chenye soko nikachora duara la kilomita kumi na mbili, kwa kuwa kilomita kumi na mbili ninaziweza kwenda, na kurudi pia nikilazimika. Lililokuwa na vijiji vingi ndani yake lilibaki. Lililokuwa na msitu mtupu nililifuta.

Vilibaki vijiji vitatu. Kimojawapo, nilichokuwa nimekiingiza kinyume cha kanuni yangu, kilikuwa juu ya kilima na alama ya ngome, na nakiri kwamba jicho langu lilirudi pale mara nyingi. Lakini hakikuwa na soko. Nikakipiga mstari. Basi halipandi kilima kwa ajili ya kuwatembelea wafalme waliokufa. Mahali pake niliweka kingine, cha chini, kando ya mto, ambacho sikupata neno la kukisifu ila kwamba soko lake lilikuwa Alhamisi na reli ilipita.

Wakati mimi nachora maduara, yaya alikuwa ameandika barua yake. Jibu la binamu yetu wa Paris lilifika haraka, limebebwa mkononi na mtu aliyekuwa akirudi likizo. Yaya alimsomea mama kwa sauti, nami nikiwepo.

"Aje, aje, watoto watafurahi. Mimi naanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, bwana anatoka saa moja. Kwa siku kumi hizo nitapumua, maana nitakuwa na mtu wa nyumbani."

"Unasikia?" nikasema. "Anatafuta mtumishi."

"Anatafuta ndugu yake," akasema yaya.

"Ndugu wa kuosha watoto."

"Na wewe ulioshwa na nani?" akauliza mama kutoka kwenye kiti chake, bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi alizokuwa anamenya. Tukacheka wote watatu, na kicheko kile kiliniudhi, kwa sababu nilijua kitahesabiwa kuwa nimekubali.

"Sikukubali," nikasema.

"Ona huyu," yaya akamwambia mama. "Hata Mumosho hapa karibu hajakwenda kwa miguu, sasa anataka kutembea Ufaransa."

Nilikwenda Mumosho Ijumaa iliyofuata, shule ilipofunga kwa siku tatu. Nilitaka kuijaribu njia yangu: kuchagua kituo kimoja, kulala hapo, kutembea peke yangu, kurudi hapo. Nilitoka alfajiri kupitia Panzi na viatu vya raba, nikafika mchana miguu ikiniwaka, nikaenda moja kwa moja parokiani kuomba chumba cha wageni. Masista walinipokea vizuri: kitanda, beseni, chandarua, na msalaba ukutani. Nilitandaza daftari langu kitandani nikajiona mtu.

Kosa langu ni kwamba pale Mumosho anaishi shangazi yangu, na sikupitia kwake. Habari ilimfikia kabla sijavua viatu. Alikuja na kitenge cha kanisani na sahani mbili zilizofunikwa, bugali na maharage, akaziweka mezani pa masista, akasimama.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana, shangazi."

"Tulikukosea?"

"Hapana, shangazi."

"Basi unalala kwa masista kwa nini, kama mutu asiye na batu?"

"Niko najifunza kusafiri."

"Kujifunza!" Akamgeukia sista aliyekuwa mlangoni. "Mama, huyu njia ya hapa aliijua akiwa mugongoni. Sasa anajifunza."

Aliketi akanitazama hadi sahani zikawa tupu. Kesho yake nilipotoka kwenda kutembea upande wa mto Ruzizi, nilimkuta njiani na mwavuli wake, ananingoja. Alinisindikiza siku nzima. Kwa kila mtu tuliyekutana naye alisimama, akaeleza mimi ni binti wa nani, babu yangu alikaa wapi, na kwa nini bado sijaolewa. Sababu alizotoa zilibadilika kufuatana na mtu. Mto niliuona kwa mbali, kati ya maelezo mawili.

"Kwa hiyo ulikuwa peke yako?" yaya aliniuliza niliporudi.

"Hapana."

"Unaona."

"Naona. Naona kwamba hapa Kivu haiwezekani. Njo maana ninaenda mbali."

Sikuwa nasema kwa hasira. Nilikuwa nimelipata jambo nililolitafuta bila kulijua. Katika nchi yangu yote hapakuwa na kilima ambacho ningekichagua. Kila kilima kilikuwa kimeshanichagua, kina shangazi juu yake. Ni kule tu, ndani ya duara lile la bikari, ambako ningeweza kuweka kidole na kusema hapa, kwa sababu zangu, na kidole kisiguse mtu. Siku kumi katika maisha yote. Niliona si nyingi kuomba, kisha nikaona kwamba siombi.

Lakini Mumosho ilinifundisha pia jambo lingine, na hilo nililifundishwa vibaya. Kwa kuwa masista walinipokea, nilidhani nimepata ufunguo wa safari. Kwetu, ukiona kanisa kwenye ramani, umeona pia nyumba ya mapadri, nyumba ya masista, shule, zahanati na chumba cha mgeni. Hakuna Mkatoliki wa Kivu atakayefikiria vinginevyo. Basi nilikaa kwenye mashini ya kuandika ya shule, nikapiga barua tatu kwa Kifaransa changu bora, kila moja kwa Bwana Padri wa parokia ya kijiji kimoja kati ya vile vitatu, nikieleza mimi ni nani, nakuja lini, na kuomba chumba cha wageni kwa malipo.

Barua mbili hazikujibiwa kamwe. Ya tatu ilijibiwa baada ya majuma sita. Nilikwenda kwenye sanduku la posta la shule kila siku baada ya kipindi cha mwisho, hadi mlinzi akaanza kutikisa kichwa akiniona kwa mbali. Siku aliyoacha kutikisa, nilikimbia. Ilikuwa karatasi ya miraba kama ya daftari langu, wino wa buluu, mwandiko uliosimama wima. Kilikuwa kijiji cha Alhamisi.

Niliisoma nyumbani kwa sauti, nikiigeuza Kiswahili kwa ajili ya mama. Yaya alikuwepo.

"Bibi," iliandikwa, "barua yako ilikwenda kwa padri. Hatuna padri. Wa mwisho alizeeka akaondoka. Anakuja mmoja Jumapili ya kwanza ya mwezi, ana makanisa tisa. Nyumba ya padri aliinunua daktari wa meno ambaye haji. Masista hawajapata kuwepo hapa. Ufunguo wa kanisa ninao mimi, kwa hiyo mtu wa posta amenipa mimi barua. Ninacho chumba juu ya lililokuwa duka langu. Mwezi wa nane kiko wazi. Treni haifiki tena, kuna basi mahali pake. Soko bado ni Alhamisi. Sipendi watu wanaopiga mluzi kwenye ngazi."

Mama alikuwa ameacha kazi ya mikono.

"Kanisa isiyo na padri?"

"Ndivyo anavyosema, mama."

"Mapadri yao yote iko hapa kwetu," akasema mama polepole, kama mtu anayemaliza hesabu. "Njo maana." Akawaza tena. "Na huyu mama, kanisa yote iko mukononi mwake?"

"Ufunguo anao yeye."

"Mutu wa kupewa ufunguo ya kanisa si mutu wa ovyo."

"Mama!" yaya akasema. "Hatumujui! Anaweza kuwa mulevi. Anaweza kuwa hata mwanaume."

"Mwanaume haandiki juu ya ngazi," akasema mama.

Nisieleweke vibaya. Mama hakuwa ameshinda kesi yangu. Alikuwa ameanza nyingine. Tangu jioni ile alisema kwa majirani kwamba nitafikia kwa mama wa kanisa, na mimi kila mara nilimsahihisha mbele yao: sifikii kwake, ninapanga chumba chake, sikukichagua kijiji kwa ajili yake, nilikichagua kwa ajili ya soko na basi. Jirani mmoja aliniuliza kama nina homa. Sikujali. Kama ningekubali neno lile liingie, hata kwa adabu, siku zangu kumi zingerudi kuwa za mtu mwingine.

Iliyobaki ilikuwa karatasi. Mwalimu wa serikali hakutoka nchini bila kibali, na faili lilipitia kwanza biro, yaani ofisi, moja ya mkoa hapa Ibanda kabla ya kupelekwa Kinshasa kwa viza. Ndani ya faili ilitakiwa hati ya anayekupokea, imepigwa mhuri wa manispaa yake. Nilimwandikia mwenye ufunguo, akaituma bila neno la ziada, mhuri wa duara umekaa sawasawa. Wakati huohuo yaya alipata ya kwake kutoka kwa binamu wa Paris, nayo ina mhuri, mkubwa zaidi. Faili lilikuwa na nafasi ya hati moja.

Alinisindikiza siku ya kulipeleka. Nilimwambia si lazima. Akasema karani wa pale wanajuana, na kwamba bila yeye nitakaa kwenye benchi mpaka mafunzo yaanze bila mimi. Hilo lilikuwa kweli, na mimi mtu wa utaratibu nilijua maana ya benchi lile. Tulitembea kutoka Nguba. Ziwa lilikuwa la kijivu. Mfuko wa ndani wa abakosti yake ulikuwa umevimba kwa umbo la bahasha.

Karani alisimama kumpokea yaya, wakashikana mikono, wakaulizana habari za nyumbani. Mimi nilisalimiwa kwa kichwa. Akafungua faili, akageuza karatasi moja moja, akalamba kidole, akafika kwenye hati. Akalisoma jina la kijiji mara mbili, kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Citoyen," akamwambia yaya, kwa neno lile la serikali lenye maana ya mwananchi, "dada yako anafikia wapi hapa?"

"Ni kijiji," nikasema mimi.

Hakugeuka. "Citoyen, hii kule Kinshasa batauliza. Mutu anatoka Bukavu anaenda kijiji? Kufanya nini? Kijiji haina université, haina hospitali, haina ndugu. Batasema anaenda kubaki. Kama iko na ndugu Paris, weka Paris. Paris inapita."

Alikuwa anasema ukweli wa kazi yake, sina la kumlaumu. Kama hati ile ingekwamisha faili Kinshasa, singepoteza siku kumi tu, ningepoteza na mafunzo, na ndege, na mito yote kumi na moja ya mtaala wa darasa la tatu. Na bahasha ilikuwa pale, hatua moja kutoka mkono wangu, ndani ya mfuko wa ndugu yangu anayenipenda. Yaya akatia mkono kifuani. Akaitoa. Akaiweka juu ya meza, akiwa ameishika bado kwa vidole viwili.

"Citoyen karani," nikasema, na safari hii nilisema kwa sauti ya darasani, ile inayofika benchi la nyuma. "Anayesafiri ni mimi. Uniulize mimi."

Akageuka.

"Naenda kijiji kwa sababu nafundisha jiografia. Watoto ya hapa, na labda ya kwako iko kati yao, banajifunza mito ambayo mwalimu wao hajaiona. Naenda kuiona kwa miguu. Narudi tarehe iliyoandikwa kwenye tikiti. Kama Kinshasa watakataa, wakatae hati hii. Nyingine siitaki kwenye faili langu."

"Na kama batakataa kabisa?" akauliza yaya, polepole, kwangu, si kwa karani.

"Nitabaki Bukavu, nifundishe."

"Utakosa yote kwa sababu ya kijiji?"

"Ndiyo."

Nilimwona akiitafuta ndani ya uso wangu ile sehemu inayocheka baadaye na kukubali, na nilimwona akiikosa. Karani alikuwa ameshika kalamu hewani. Ningependa kuandika kwamba yaya alinielewa, lakini mimi huandika nilichokiona, na nilichokiona ni mtu aliyechoka. Aliirudisha bahasha mfukoni, akafunga kifungo juu yake.

"Andika ile anasema," akamwambia karani.

Nje, kwenye ngazi za biro, alisimama kujipangusa jasho.

"Ukipotea kule," akasema, "usiseme tulikutuma."

"Sitasema."

"Na mama wa kanisa umupelekee kahawa. Huwezi kwenda kwa mutu mikono mitupu."

"Siendi kwa mutu, yaya."

"Peleka kahawa," akasema.

Nilipeleka kahawa. Viza ilitoka siku tano kabla ya ndege. Kinshasa hawakuuliza neno. Mafunzo yalikuwa mafunzo. Siku yalipokwisha, wenzangu wote walipanda treni kwenda Paris na Brussels, kwa kaka, kwa shemeji, na mimi nikapanda nyingine, kisha basi, nikashuka kando ya mto mwembamba kuliko nilivyowafundisha watu. Mwenye ufunguo alikuwa mwanamke mrefu mwenye aproni. Alipokea kahawa, akanusa, akasema ni nzuri, akanipa ufunguo wa chumba, akarudi kwenye bustani yake ya vitunguu. Hakuniuliza baba yangu ni nani.

Kituo changu nilikuwa nimekichagua vizuri. Alhamisi mabasi manne yalisimama pale uwanjani, kutoka pande nne, yamejaa wanawake wenye vikapu, na ningeweza kwenda popote ndani ya duara langu na nje yake. Siku nyingine lilikuwepo moja tu, asubuhi mapema, na siku nilizolikosa nilitembea. Nilitembea kilomita nyingi kuliko nilivyoandika kwenye daftari. Wenye magari walisimama kunipa nafasi, nikawashukuru, nikaendelea. Wengine walidhani sijaelewa, wakarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Kosa langu la mwisho lilikuwa la Jumapili. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo padri angekuja. Jumamosi sikununua kitu. Kwetu, misa ikiisha, mlango wa kanisa ni soko: mama wa mikate, mama wa ndizi, sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, zilizokaangwa na kufungwa kwenye karatasi. Nilikwenda misani na kikapu changu kitupu, nikiwa na uhakika. Tulikuwa watu kumi na wanane. Padri alimaliza, akaingia kwenye gari lake dogo kwenda kanisa linalofuata, na kabla sijashuka ngazi watu wote walikuwa wameingia kwenye magari yao. Uwanja ukabaki na mimi na njiwa. Mwokaji alikuwa amefunga kwa likizo ya mwezi wa nane. Duka lililobaki lilifungwa hadi Jumanne. Basi hakuna.

Nilirudi chumbani. Nilikuwa na kipande cha jibini cha Alhamisi na maji ya bomba. Nikala jibini, nikaketi dirishani. Jioni mwenye ufunguo alipanda ngazi, akagonga, akasema bila kuingia kwamba ametengeneza supu, kama nataka.

Njaa ilikuwa inaniuma kweli. Harufu ilikuwa imetangulia kwenye ngazi. Sijui mpaka leo ni nini kilichonishika. Nadhani nilitaka kujua tu litatokea nini nikikataa, maana kwetu 'hapana' ya mgeni haisikilizwi.

"Hapana, asante," nikasema.

"Haya," akasema. "Usiku mwema."

Nikasikia hatua zake zikishuka, mlango wa chini ukifungwa, kijiko kikigonga sahani moja. Nilibaki pale na njaa yangu, dirisha wazi, nikifungua ramani kwenye magoti nichague njia ya kesho.